Printa ya rezini na mtoto mdogo ndani ya nyumba, halafu ngozi ya askari wa Tanga 1914 ipakweje

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, nalifupisha kidogo ili anayesoma ajue tunaongelea nini. Unakaa Dar, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule ndogo, una mke na mtoto wa miaka miwili. Unataka kuchezea mezani mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, askari wa Kiafrika wa Mjerumani upande mmoja na KAR (King's African Rifles, Waafrika wa jeshi la Mwingereza) pamoja na Wahindi upande wa pili, visanamu vya saizi ya milimita 28, na unauliza ununue printa ya rezini, ile ya majimaji yanayogandishwa kwa mwanga, au ya filamenti, ile ya uzi wa plastiki unaoyeyushwa, rangi zipi za kuanzia maana vile vichupa vya kuagiza nje bei yake sio ya kitoto, na la mwisho kwamba kila ukipaka uso wa askari unatoka mweusi tii kama mkaa, video zote ulizoangalia zinafundisha ngozi ya Mzungu. Maswali mazuri sana haya, hasa hilo la mwisho, nitalijibu kwa kirefu kwa sababu watu wengi wa huku linawasumbua na hawaulizi.

Naanza na printa kwa sababu hapo ndo mtu anaweza kuumia.

Printa ya rezini inafanya kazi hivi: kuna beseni dogo lenye rezini ya majimaji, chini ya beseni kuna filamu nyembamba inayopitisha mwanga, chini yake skrini ya LCD na taa ya zambarau ya nanomita 405, sasa kila tabaka skrini inaonyesha umbo la tabaka hilo, mwanga unapita sekunde mbili hadi tatu hivi, rezini inaganda pale tu mwanga ulipogusa, bamba la juu linanyanyuka, linashuka, tabaka lingine. Tabaka la kawaida ni mm 0.05, kwahiyo kisanamu cha mm 30 kutoka soli mpaka kofia ni matabaka 600, weka sekunde 8 kwa kila tabaka ukijumlisha kunyanyuka na kushuka, unapata sekunde 4,800, yaani saa moja na dakika 20, na kwa vile unakiinua juu ya sapoti, vile vijiti vya kukishikilia, unakuta ni kama masaa mawili. Uzuri wake ni kwamba muda unafuata urefu, haufuati idadi, ukiweka askari mmoja au ukijaza bamba zima askari kumi muda ni ule ule. Na uso unatoka, vifungo vinatoka, mikunjo ya gunia la mgongoni inatoka. Kwa visanamu vya watu hakuna printa ya nyumbani inayoifikia rezini, hilo sikufichi.

Lakini rezini ambayo haijaganda ni kemikali inayoweza kuufanya mwili uikatae. Ikigusa ngozi mara kwa mara, hata tone tone tu ambalo mtu analipuuza, inafika siku mwili unaamua kuwa hii ni adui, mikono inawasha, inatoka malengelenge, na mzio huo ukishaingia hautoki, kila ukikaribia rezini unarudi. Mvuke wake nao unakera macho na kifua, na zile rezini zinazoandikwa hazina harufu zinatoa mvuke vile vile, kutokusikia harufu sio usalama. Sasa fikiria beseni hilo kwenye kona ya sebule, tone limedondoka sakafuni hujaliona, na mtoto wa miaka miwili ambaye kila anachookota anapeleka mdomoni. Mimi siwezi kukuambia nunua. Kwa nyumba uliyonieleza, jibu langu ni hapana, usiingize rezini humo ndani, na jibu hili halibadiliki kwa sababu umenunua ile ya kuoshwa na maji. Hiyo ya maji wengi wanaidhani ni salama, kumbe kinachobadilika ni kioevu cha kuoshea tu, rezini yenyewe ni kemikali ile ile na maji uliyooshea yanakuwa na sumu hiyo hiyo, huwezi kuyamwaga kwenye sinki wala mtaroni.

Kwahiyo kabla ya kuuliza printa ipi jiulize itakaa wapi. Ukiwa na stoo ya nje yenye dirisha na mlango unaofungwa kwa kufuli, au banda la nyuma ambalo mwenye nyumba amekuruhusu, hapo tunaongea lugha nyingine. Ukiwa huna, kuna njia mbili ambazo mi naziona za maana: moja ununue printa ya filamenti kwa ajili ya nyumba, mitaro, miti na mizinga, na visanamu vya watu umpelekee mtu mwenye printa ya rezini akuprintie kwa malipo, wapo vijana Dar wanaoprinti vipuri na mapambo na visanamu kwao ni kazi ndogo. Kisanamu kimoja cha saizi yako na sapoti zake kinakula mililita 4 hadi 6 za rezini, maana yake chupa ya lita moja inatoa zaidi ya mia hata ukitoa vitakavyoharibika, kwahiyo gharama ya rezini yenyewe kwa askari mmoja ni ndogo, unacholipia ni muda na usumbufu wa kuosha. Mwambie tu akukabidhi vikiwa vimeoshwa na kukaushwa kwa mwanga mpaka mwisho, visiwe vinanata hata kidogo. Rezini iliyoganda sawasawa unaishika kwa mkono mtupu bila shida, ila ukiisugua kwa msasa iloweshe maji kwanza na uvae barakoa, vumbi lake usilivute.

Njia ya pili ni kusubiri mpaka uhamie penye nafasi. Sioni aibu yoyote kwenye hilo, vita vyenyewe ni vya 1914, haviendi popote.

Ukija kupata stoo, mambo ya lazima ni haya na usiruke hata moja. Glavu ziwe za nitrili, zile za mpira wa kawaida rezini inapenya, na ukimaliza unazitupa, huendi nazo kushika simu au kitasa cha mlango. Miwani ya kukinga macho. Feni inayotoa hewa nje dirishani, sio inayoizungusha humo humo ndani. Kuosha unatumia alkoholi ya isopropili makopo mawili, la kwanza la kutoa uchafu mzito, la pili safi, dakika mbili tatu kila moja huku unapitisha brashi laini, na kumbuka hiyo alkoholi inashika moto kirahisi kwahiyo mbali kabisa na jiko la gesi. Sapoti zitoe kabla hujakausha kwa mwanga, ukichovya kwanza kwenye maji ya uvuguvugu zinaachia zenyewe bila kung'oa nyama. Halafu acha kikauke alkoholi yote ndo ukiweke juani, kikiingia juani kikiwa na umajimaji kinabaki na mabaka meupe. Jua la Dar la saa sita halihitaji ile mashine ya kukaushia, geuza geuza dakika kadhaa inatosha, ukizidisha kisanamu kinakuwa cha njano na kinavunjika kama kaukau.

Alkoholi iliyochafuka iweke kwenye chupa angavu juani, rezini itaganda itashuka chini, unachuja kwa kitambaa unatumia tena, yale mabaki magumu ndo yanakwenda kwenye takataka. Sio chooni, sio mtaroni.

Joto la Dar kwa rezini ni zuri, inakuwa nyepesi na inaganda vizuri, wenzetu wa Nairobi mwezi wa saba ndo wanalalamika inakuwa nzito na visanamu vinadondoka kwenye bamba, wanalazimika kuipasha kidogo kwanza. Kinachotusumbua sisi ni umeme. Printa nyingi za rezini ukikatika katikati kazi yote imekwenda, ukiwa na UPS ndogo, ile betri ya akiba, inakubeba kwa zile katakata za dakika chache maana printa ndogo haili umeme mwingi.

Filamenti sasa. Printa ya filamenti ya PLA, aina ya plastiki ya kawaida kwa printa hizi, unaweza kuiweka sebuleni, bado fungua dirisha na mtoto asifikie ncha yake inayotoa plastiki maana ina joto la nyuzi zaidi ya 200, lakini sio sumu ya kumwagika sakafuni. Kwa majengo tumia ncha ya kawaida ya mm 0.4 na matabaka ya mm 0.2, mistari yake kwenye ukuta wa mawe wala haionekani ukishapaka rangi, kwenye paa la makuti ndo kabisa inasaidia. Ukitaka kujaribu na watu, nunua ncha ya mm 0.2, shusha tabaka mpaka mm 0.08 au 0.06, kisanamu kimoja kitakula masaa matatu manne na hapa muda unafuata idadi, kumi ni kumi kweli. Vinatoka vizuri kuliko watu wanavyodhani, umbali wa meza huoni tofauti kubwa, ukivishika mkononi unaiona, na sehemu za chini ya mikono na kidevu ambako sapoti iligusa zinabaki na makovu. Kwa wapagazi na wanajeshi wa nyuma mi ningetumia hivyo bila wasiwasi.

Sasa kabla hujaprinti chochote, orodha yako ya jeshi ina tatizo. KAR hawakushuka Tanga. Kikosi kilichotua pale, kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba, upande wa Ras Kasone, kilitoka India chini ya Jenerali Aitken, watu kama 8,000, na ndani yake Wazungu walikuwa batalioni moja ya Loyal North Lancashire, waliobaki ni vikosi vya Kihindi: Rajputs wa 13, Grenadiers wa 101, Palamcottah wa 63, Kashmir Rifles na wengineo. Upande wa pili von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikusanya kama watu 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika, walioletwa kwa reli kutoka bara. Kwahiyo KAR waweke kwa ajili ya mapigano ya baadaye kama Mahiwa, kule Lindi, ya Oktoba 1917, hapo ndo mahali pao hasa. Kwa Tanga unahitaji vilemba, kofia za jua za Waingereza, na askari wa Mjerumani wenye tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kukinga shingo na beji ya tai mbele.

Na hesabu ya visanamu, ukisema kisanamu kimoja ni watu 20 unahitaji 400 upande wa Mwingereza na 50 upande wa Mjerumani, hao 400 watakumaliza hamu kabla hujafika nusu. Ushauri wangu cheza kipande. Tarehe 4 Novemba Kashmir Rifles na Loyal North Lancashire waliingia mjini wakapigana mtaa kwa mtaa, wakafika forodhani na kwenye hoteli ya Deutscher Kaiser kabla hawajarudishwa nyuma, hicho kipande peke yake ni mchezo mtamu wa meza ya futi nne kwa nne, visanamu 30 kila upande kisanamu kimoja mtu mmoja, nyumba sita saba za filamenti, bunduki za rashasha mbili kwa upande wa Mjerumani. Yale ya shambani yenye nyuki yaje baadaye. Ndio, nyuki walikuwepo kweli, Waingereza mpaka leo wanayaita mapigano ya nyuki, na walimuuma kila mtu bila kuuliza yuko upande gani. Mizinga ya nyuki usihangaike kuiprinti, kata vijiti vya unene wa penseli, toboa katikati, ning'iniza kwenye mti.

Usiwasahau wapagazi. Vita vile vilitembea kwenye vichwa na mabega ya watu, na sisi tunapita Kariakoo kila siku na jina lenyewe limetoka kwao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Kila nikipanga meza naweka wapagazi, sijali kanuni za mchezo zinasemaje, jeshi la Afrika Mashariki lisilo na wapagazi ni jeshi la uongo. Na kwa mkao wa mwili na vifaa vya askari wa upande wa Mwingereza nenda Posta pale makutano ya Samora na Azikiwe, Sanamu la Askari lililowekwa 1927, zunguka upige picha kila upande, angalia mikunjo ya nguo inavyoangukia magotini na jinsi mikono inavyoshika bunduki. La Nairobi pale Kenyatta Avenue linaye mpagazi pia.

Faili za kuprinti zinunue kwa mchongaji mwenyewe, yule aliyekichonga kisanamu kwenye kompyuta, na soma leseni, nyingi zinakuruhusu kuprinti kwa matumizi yako ila sio kuuza. Ukimpelekea mtu mwingine akuprintie muulize mchongaji kama anaruhusu, wengi wanakubali. Halafu kagua bunduki. Kwa saizi ya 28 uwiano ni kama 1 kwa 56, mtutu wenye kipenyo cha mm 18 ukiugawa kwa 56 unapata mm 0.3, huo utavunjika ukiutazama tu, kwahiyo mchongaji mwenye uzoefu ameshaunenepesha ufike mm 0.7 au 0.8, ambaye hajafanya hivyo faili lake zuri la kutazama kwenye skrini tu. Mwambie pia mprintaji achanganye asilimia 10 mpaka 20 ya rezini ya kunyumbuka kwenye ile ya kawaida, mtutu ukigongwa unapinda unarudi.

Tuje kwenye rangi. Kwanza kabisa osha kisanamu kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha, halafu praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine. Ile praima ya magari ya kopo la kupuliza inafaa, kijivu, ila ipulize kwa mikupuo mifupi kutoka kama sentimita 25, mara mbili nyembamba, ukijaza mara moja uso umekwisha na praima haitoki. Jaribu kwenye kimoja kwanza kabla hujawapanga wote. Na angalia hewa: Dar asubuhi mapema na baada ya mvua unyevu uko juu sana, rangi ya kupuliza inaweza kutua na chembe chembe kama vumbi la chumvi, kisanamu kinakuwa kama kimepakwa msasa. Subiri kuanzia saa nne mpaka saa tisa siku kavu, nje, na mtoto awe ndani. Siku zisizofaa tumia praima ya brashi.

Vichupa vya kuagiza havihitaji kuwa thelathini. Kichupa cha mililita 17 kinapaka mamia ya visanamu, kwahiyo nunua saba au nane tu vya ubora: nyeusi, nyeupe ya maziwa, kahawia iliyokolea, kahawia nyekundu ya tofali, njano ya udongo, buluu nzito, kaki, na rangi ya chuma. Hivyo vinavyobaki, ardhi, ukuta, paa, tumia akriliki ya stationari bila wasiwasi wowote. Za stationari tatizo lake unga wa rangi ni mkubwa, kwenye uso wa milimita nne unaona chembe, kwenye ukuta wa forodhani huoni kitu. Brashi nazo mbili tu nzuri zinatosha, moja ya namba 1 na moja ya namba 2, zenye ncha inayorudi kuchongoka ukiilowesha, zile ndogo za sifuri sifuri usinunue, rangi inakaukia kwenye brashi kabla haijafika usoni.

Na hapa kwetu na feni inazunguka rangi inakauka sahanini unaiona. Tengeneza paleti ya maji: chukua kopo la chakula lenye mfuniko, weka sponji jembamba la kuoshea vyombo, lilowe vizuri, juu tandika karatasi ya kuokea keki, rangi unaiweka juu ya karatasi. Inakaa laini jioni nzima, ukifunika hata kesho. Punguza rangi kwa maji mpaka ianze kutembea yenyewe kidogo ukiinamisha, kisha paka mikono miwili myembamba, yaani matabaka mawili, badala ya mmoja mnene.

Ngozi. Uso wako unatoka mkaa kwa sababu mbili, unaanzia kwenye nyeusi au kahawia iliyokaribia nyeusi, na ukitaka kung'arisha unaongeza nyeupe, nyeupe ikikutana na kahawia nzito inatoa kijivu, ngozi inakuwa kama imepauka kwa kukosa mafuta. Toa mkono wako nje juani saa hizi uangalie. Kivulini, kati ya vidole, sio nyeusi, kuna wekundu wa zambarau. Pale jua linapopiga, juu ya vifundo, hakuna weupe wa chaki, kuna rangi ya asali inayokwenda kwenye chungwa, na katikati kabisa doa dogo linalong'aa. Hiyo ndo ramani yako yote.

Kwahiyo anza na kahawia iliyokolea sehemu mbili, kahawia ya tofali sehemu moja, paka uso, shingo, mikono, mara mbili. Ikikauka, chukua ile ile, ongeza tone la buluu nzito na tofali kidogo itoke kama zambarau chafu, iongeze maji mengi mpaka iwe inatiririka, iache iingie yenyewe kwenye matundu ya macho, pembeni ya pua, chini ya mdomo, chini ya kidevu na kwenye masikio, ikijikusanya pasipotakiwa ifyonze kwa brashi kavu. Usiguse mpaka ikauke kabisa. Kisha rudi na rangi ya mwanzo kwenye paji la uso, mashavu, pua na kidevu. Kisha ongeza tofali na njano ya udongo kwenye rangi hiyo, paka eneo dogo zaidi, juu ya mfupa wa shavu, mgongo wa pua, juu ya nyusi, mdomo wa chini. Mwisho ongeza njano ya udongo na tone dogo sana la nyeupe ya maziwa, vidoa tu, kimoja kila shavu, kimoja ncha ya pua, kimoja paji la uso, na mstari mwembamba juu ya kila kidole. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao wa mwanga unaonekana mkali kuliko kwenye ngozi nyeupe, kwahiyo vidoa viwe vidogo na vyenye tofauti kubwa na jirani zake, usivisambaze. Huo ndo ujanja ambao video za ngozi ya Mzungu haziwezi kukupa, wao wanasambaza mwanga taratibu, sisi tunaudondosha.

Mdomo wa chini uongezee wekundu kidogo, wa juu uache kwenye rangi ya msingi. Viganja vikionekana, na nyayo za askari aliye pekupeku, KAR wengi miaka ya mwanzo walikuwa hivyo, zipake tofali na njano ya udongo, nyepesi kuliko mkono. Macho usiweke nyeupe tupu, inamfanya mtu aonekane ameshtuka, tumia nyeupe ya maziwa iliyochafuliwa na kahawia, mstari mdogo, na nukta nyeusi katikati, au yaache kivulini kabisa, kwa saizi hii askari anayekunja uso juani haonyeshi macho.

Na usiwafanye wote rangi moja. Askari wa Mjerumani walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, mstari mmoja ulikuwa na weusi tofauti tofauti kama daladala la asubuhi lilivyo leo. Changanya misingi mitatu, wa kwanza wenye buluu kidogo kwa yule mweusi kabisa, na huyo vidoa vyake vya mwisho vielekee kwenye ubaridi badala ya chungwa, wa kati kama nilivyoeleza, wa tatu wenye tofali zaidi. Wahindi nao sio rangi moja, Mrajputi na mtu wa Palamcottah wa kusini kabisa huwezi kuwapaka kutoka kichupa kimoja. Kazi hii inaongeza nusu saa kwa kikosi kizima na ndo inayowafanya wawe watu. Babu zetu walikuwepo kwenye ule mstari, mi siwezi kukubali wapakwe mkono mmoja wa kahawia halafu tuseme tayari, wakati Mzungu mmoja anapewa hatua sita.

Kaki ni rahisi ukishaelewa kuwa ni nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani mara nyingi. Paka kaki, pitisha kahawia ya majimaji kwenye mikunjo, kisha chukua kaki iliyoongezwa nyeupe ya maziwa, ifute brashi kwenye tishu mpaka ibaki karibu kavu, isugue juu juu ya mikunjo. Badilisha kaki kidogo kwa kila watu watatu wanne, ongeza njano hapa, kijivu pale. Anza na wanane tu, uwamalize kabisa mpaka kwenye ardhi ya miguuni, ndo uende kwa wanane wengine. Ukipaka suruali za wote 60 kwa pamoja utachoka ukiwa na meza ya watu wasio na nyuso.

Miguuni tumia washa pana za duka la vifaa za mm 25, zina uzito kisanamu hakianguki na zinashika sumaku. Gundi nyeupe ya seremala, kisha mchanga, ukichukua wa baharini uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa maana chumvi yake itakuja kutoka juu ya rangi baada ya miezi. Nyuzi za kumbi la nazi zikikatwa fupi ni majani makavu mazuri sana.

Malizia na vanishi isiyong'aa, ya brashi kwa hali ya hewa yetu, ile ya kupuliza siku ya unyevu inaacha ukungu mweupe juu ya kazi yako yote. Mikono miwili, subiri siku nzima katikati. Na ukiwa unasafirisha kwenda kucheza kwa mwenzako, zile nyumba za PLA usiziache kwenye gari lililopaki juani, PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi na ndani ya gari la Dar mchana, hasa juu ya dashibodi, panafika huko, utakuta forodha imelala upande na haitanyooka tena.